Uzi: Sura ya mtu kwa maandishi matupu, kuanzia picha ya simu mpaka tirage (uchapaji) ya A3

FundiBirere (Goma)

Bandugu, maswali ya sura za maandishi yamejaa kwenye uzi wa faire-part (kadi za mialiko) na yanapotea humo. Nayahamishia huku. Mfano ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kwa maneno ya hotuba yake ya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, maana watu huiagiza Juni, na tena Januari kabla ya tarehe 17, siku aliyouawa. Uso wake pia una vigumu vyote mahali pamoja: miwani, ndevu fupi, nywele nyeusi na ule mstari wa pembeni unaogawa nywele. Menyu za Photoshop nazitaja kwa Kifaransa, jinsi zinavyosomeka kwenye kompyuta nyingi za hapa.

Sura haitoki kwenye herufi. Inatoka kwenye mwanga na giza la picha. Anayekimbilia kubandika maandishi kabla ya kusawazisha kijivu anapata ukurasa wa maneno wenye doa katikati.

Hesabu kwanza. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508. Tumia herufi kubwa za pointi 6, nafasi ya mistari pointi 5. Hapo pointi 1 ni pikseli 4.17, kwa hiyo mstari mmoja unakula karibu pikseli 21 na ukurasa unabeba mistari 168. Fonti nene iliyobanwa inaingiza herufi kama 175 kwa mstari. Yaani mtazamaji anapewa picha ya nukta 175 kwa 168, basi. Kipimo cha picha ya mteja kinatoka humo: ipunguze kwenye skrini mpaka ibaki na upana wa pikseli 150. Ukimtambua mtu bado, inafaa. Ukiona kivuli chenye masikio, omba nyingine.

Picha nzuri ina mwanga wa upande mmoja, dirisha au taa moja, na nyuma pametulia. Mwanga wa flash wa mbele unaua pua na mashavu. Hapo hakuna kivuli cha kushika umbo. Kata picha karibu. Uso kutoka kidevu hadi nywele uchukue robo tatu ya urefu wa karatasi, yaani pikseli 2600 hivi. Jicho lililofunguka ni karibu sehemu ya 17 ya urefu wa uso, kwa hiyo linapata pikseli 150, mistari 7. Ukimwacha mtu mpaka kiunoni, jicho linabaki na mistari 2 na hakuna fundi wa kuliokoa.

Kugeuza nyeusi na nyeupe: usitumie Maj+Ctrl+U kwa ngozi yetu. Hiyo inachanganya rangi zote bila kuchagua, na ngozi inashuka gizani. Weka tabaka (calque) la «Noir et blanc», ambalo linaanza na nyekundu 40 na njano 60. Pandisha nyekundu hadi 80 au 100, njano hadi 80. Ngozi nyeusi ina nyekundu nyingi ndani yake, basi paji na mashavu yanafunguka wakati nywele zinabaki pale pale. (Picha za zamani kama za Lumumba zimeshakuwa nyeusi na nyeupe, hapo ruka.)

Halafu Ctrl+L («Niveaux», ngazi za mwanga). Pembetatu nyeusi isogeze mpaka nyuma pazame kabisa, nyeupe isogeze mpaka paji, mgongo wa pua na shavu la upande wa mwanga vifike 250 na zaidi (0 ni nyeusi tupu, 255 ni nyeupe tupu). Picha itaonekana kali kupita kiasi. Iache hivyo hivyo.

Miwani: fremu ni mstari mweusi mwembamba, na kitu chembamba kuliko mstari mmoja wa maandishi hakitaonekana. Chukua brashi nyeusi, inenepeshe fremu mpaka pikseli 30 au 35, hasa ule ukingo wa juu. Mfumo uleule kwa mdomo: ile laini kati ya midomo miwili iongezee giza.

Sasa maandishi. Chombo cha T, vuta kisanduku kinachozidi karatasi kidogo pande zote nne, bandika maneno, herufi kubwa zote, rangi nyeupe, panga kwa kujaza pande zote mbili. Ukurasa huu unahitaji herufi karibu 29,000, kama maneno 4,200. Hotuba ya maneno 1,000 itajirudia mara 4. Chini kabisa weka tabaka jeusi, juu yake maandishi, juu yake picha, kisha simama kwenye picha na bonyeza Ctrl+Alt+G (maski, «masque d'écrêtage»). Picha itaonekana ndani ya herufi peke yake.

Hapo umefika nusu. Waliokwama waseme wamekwama wapi.

Kijana_Himbi (Goma)

Aksanti mukubwa. Nimefuata vyote, ila kwangu iko giza. Ukisogea mbali unaona meno na kola ya shati tu. Nimerudufu tabaka la picha mara tatu, hakuna kitu.

DadaNdendere (Bukavu)

Mudogo yangu, ukirudufu picha huongezi nyeupe, kwa sababu shida iko katikati ya herufi, pale pasipo na kitu. Paji la uso likiwa nyeupe 255, bado zaidi ya nusu ya eneo lake ni nyeusi ya nyuma. Kwa mbali jicho linachanganya, linaona kijivu.

Pima fonti yako kabla ya kuilaumu picha. Jaza kisanduku kidogo kwa maandishi yako, nyeupe juu ya nyeusi, kiunganishe kuwa tabaka moja, kisha Filtre, kundi la Flou, «Moyenne». Kinakuwa rangi moja. Soma namba kwenye dirisha la Infos. 115 kati ya 255 ni kama asilimia 45, na hicho ndicho kiwango cha juu cha mwanga ambacho sura yako itafikia. Ukipata 60, fonti ni nyembamba au mistari imeachana mno.

Fonti zinazojaza: Anton, Bebas Neue, Oswald Bold, League Gothic, zote za bure. Impact iko kwenye kila Windows na inafanya kazi, ingawa tumeichoka. Times na fonti za mwandiko wa harusi ziache. Zina miguu myembamba ambayo inafutika gizani.

Kisha ongeza mwanga pale unapokosekana. Rudufu tabaka la MAANDISHI, lisogeze nusu mstari chini (pikseli 10), lishushie nguvu mpaka asilimia 30, na lipatie picha yake yenye maski vilevile. Linajaza zile njia nyeusi kati ya mistari bila kuua usomaji. Zaidi ya 40 maneno yanaanza kugombana.

Na chunga menyu ya fusion (jinsi tabaka linavyochanganyika na la chini yake): «Superposition» ndiyo inayoangaza. «Incrustation» inakaza tofauti na kuzamisha giza zaidi. Wengi wanaofuata video za Kiingereza huchagua hiyo ya pili.

FundiBirere (Goma)

Kweli tupu. Naongeza moja: weka picha yenyewe, bila maski, chini ya maandishi kwa asilimia 10 hadi 15. Inashika ukingo wa macho na masikio.

DadaNdendere (Bukavu)

Hiyo nakataa, kaka. Hapo si sura ya maandishi tena, ni picha iliyopakwa maneno. Mtu akiikaribia anaona ukungu nyuma ya herufi. Kwa tirage ya ofisini iko sawa, kwa fremu ya ukutani mteja analipia herufi.

FundiBirere (Goma)

Mteja analipia kumtambua baba yake, dada. Kwa asilimia 10 hakuna anayeiona kwenye karatasi ya mati (isiyong'aa). Lakini sawa, anayetaka usafi aiache, ila aongeze kazi kwenye nywele, kwa sababu hapo ndipo sura za watu wetu zinapoharibika. Nywele nyeusi juu ya nyuma nyeusi: kichwa kinakatika juu ya paji kama kimefunikwa kofia. Njia mbili. Ya kwanza, acha nyuma iwe kijivu 40 hadi 50 kwenye picha badala ya 0. Maandishi ya nyuma yataonekana kwa mbali na nywele zitakuwa shimo lenye umbo la kichwa. Ya pili, kwenye picha chora mwanga mwembamba kuzunguka nywele kwa brashi laini, nguvu asilimia 20, upana pikseli 60. Kwa Lumumba ule mstari wa pembeni unasaidia sana. Uangaze, unyooshe, na watu watamjua kabla ya kuona macho.

MzeeTirage (Goma)

Vijana, kwa nini kila mtu anang'ang'ania nyuma nyeusi? Inakunywa wino, karatasi ya gramu 80 inavimba mawimbi, na kwenye mashine ya laser utaona mistari mistari. Geuzeni. Nyuma nyeupe, herufi nyeusi. Nywele, ndevu na miwani zinajaa herufi, ngozi inapungua taratibu, paji linabaki karibu tupu. Kwa mtu mweusi aliyepigwa picha ya kawaida, hiyo ndiyo inayomfaa, kwa sababu giza la picha lenyewe ndilo linalobeba maneno. Miwani hainenepeshwi sana, nywele hazipotei.

Tofauti moja kwenye Ctrl+L: huku unalinda upande wa pili. Ngozi ya upande wa mwanga ifike 230, isipite, la sivyo nusu ya uso inayeyuka kwenye karatasi. Na nywele ziache kwenye 0 mpaka 20 ili herufi ziwe nzito.

FundiBirere (Goma)

Mzee, hapo sina la kubisha kwa A4 ya bei nafuu. Kwa fremu kubwa nyeusi bado inavuta macho.

Katuba_kwetu (Lubumbashi)

Bakubwa, mi niko na swali. Photoshop sina, kompyuta iko ya RAM 4 GB na umeme unakatika. Kuna njia?

DadaNdendere (Bukavu)

Iko. Photopea inafunguka kwenye kivinjari, inasoma na kuandika PSD (faili za Photoshop), na vifupisho vingi ni vilevile, pamoja na Ctrl+Alt+G. Ikishafunguka, kazi inafanyika ndani ya kompyuta yako, picha haipandi intaneti, kwa hiyo mtandao ukilala unaendelea. Lakini usifunge wala kuburudisha ukurasa. Hifadhi PSD kila baada ya hatua kubwa.

GIMP ni nzuri pia, njia yake tofauti kidogo. Andika maandishi, kwenye dirisha la matabaka bonyeza kulia juu ya tabaka la maandishi, chagua «Alpha vers sélection». Simama kwenye tabaka la picha, «Ajouter un masque de calque», na kwenye orodha chagua «Sélection». Zima tabaka la maandishi, weka jeusi chini. Nafasi ya mistari kwenye GIMP inakubali namba hasi, basi shusha mpaka herufi kubwa zikaribiane. Kwa pikseli 25 za fonti jaribu −6 au −8. Ukiiacha 0 sura itakuwa na milia ya punda milia.

Kuhusu RAM: A3 kwa dpi 300 ni 3508 kwa 4961, na kila tabaka la RGB lililojaa ni kama MB 52. Matabaka 5 hayatakuua. Kinachoua ni kisanduku kimoja chenye herufi 50,000 zilizo hai; kila ukigusa kitu programu inazipanga upya. Andika robo ya ukurasa, hakikisha saizi ni sahihi, ifanye «Pixelliser» (igeuke picha, si maandishi hai tena), kisha andika robo inayofuata chini yake, mpaka zitimie nne. Usisahau kuanza kila kipande kwenye neno tofauti, la sivyo neno refu litajipanga ukingoni kama nguzo. Kwa Photoshop, shusha idadi ya historique (hatua za kurudi nyuma) kutoka 50 hadi 15, na hifadhi ya dharura iwe kila dakika 5. Yenyewe inakuja na 10.

Kijana_Himbi (Goma)

Iko vizuri sasa, nimeongeza lile tabaka la pili na sura imetoka. Ila mistari imenyooka kama daftari. Naona kazi za wengine maneno yanapinda kwenye pua na shavu. Wanaandika neno moja moja?

DadaNdendere (Bukavu)

Hapana, hiyo ni «Dispersion», iko kwenye Filtre, Déformation. Nitaieleza polepole maana ndiyo inayoharibu kazi za wengi.

Kwanza ramani, yaani picha ya kijivu itakayoongoza msukumo wa herufi. Rudufu picha ya kijivu kwenye faili mpya ya saizi ileile kabisa, ipige «Flou gaussien» (ukungu) pikseli 12 hadi 15 kwa A4, unganisha matabaka, hifadhi kama PSD, biti 8. JPEG haikubaliwi. Ukiruka ukungu, kila doa la ngozi litarusha herufi na utapata maneno yaliyosagika.

Kisha rudi kwenye maandishi. Yafanye «objet dynamique» kwanza ili uweze kurudi nyuma. Ukiyapikselisha moja kwa moja hakuna kurekebisha hata koma. Fungua Dispersion, itakuuliza namba mbili, mlalo na wima. Mafunzo mengi yanasema 10 na 10. Mimi naweka mlalo 0, wima 12. Ramani ya kijivu isiyo na rangi inasukuma herufi kwa mshazari kama namba zote mbili zipo, na msukumo wa mlalo unavuta herufi moja juu ya jirani yake. Wima peke yake inainua na kushusha mistari, na maneno yanasomeka.

Kuhusu kiasi: 100 inasogeza hadi pikseli 128. Basi 12 ni kama pikseli 15, ambazo hazifikii mstari mmoja wa pikseli 21. Ukipita 16 mistari inaanza kupandana pale giza linapokutana na mwanga ghafla, hasa pembeni mwa pua. Kwa A3 yenye herufi kubwa zaidi, hesabu upya: msukumo usizidi robo tatu ya nafasi ya mistari.

Kijivu 128 hakisogezi kitu. Nyeusi inasukuma upande mmoja hadi mwisho, nyeupe upande mwingine. Nyuma yako nyeusi yote itahama pikseli 15 kwa pamoja, na ukingoni utaona ukanda mtupu au herufi zilizovutwa kama nyuzi. Ndiyo sababu FundiBirere alisema kisanduku kizidi karatasi.

Kijana_Himbi (Goma)

Imekubali. Ile ya mlalo 0 ndiyo siri.

Katuba_kwetu (Lubumbashi)

Swali lingine. Mteja anataka sura ya bibi yake kwa majina ya watoto na wajukuu, Kiswahili na Kifaransa. Majina 40 tu. Na nikipanga kujaza pande zote, maneno yanaacha mashimo makubwa.

FundiBirere (Goma)

Majina 40 yanatosha kabisa, yatajirudia. Changanya mpangilio kila mara, usibandike orodha ileile, maana jicho linakamata marudio haraka kuliko unavyofikiri. Mistari mitatu mfululizo ikianza na jina moja tayari una doa la wima. Mahali pa heshima, kama jina la bibi mwenyewe, pachague kwa mkono. Paji na shavu la mwangani ndipo panasomeka. Ukiliweka kwenye shingo limekwenda gizani. Na hesabu na familia kabla ya kuchapa. Mjukuu mmoja akikosekana, sura nzima inarudi.

Mashimo: Kiswahili kina maneno marefu, «waliomtangulia», «tunawakumbuka», na programu ikishindwa kulikata inanyoosha nafasi za mstari mzima. Zima «césure» (kukata neno mwisho wa mstari), maana kamusi ya Kifaransa itakata Kiswahili popote. Kisha kwenye menyu ndogo ya paragrafu fungua «Justification»: nafasi ya maneno 60, 80, 100, nafasi ya herufi −2, 0, 5, upana wa herufi 95, 100, 105. Mashimo yanagawanyika mpaka hayaonekani. Kibaki kimoja, ongeza jina fupi pale.

DadaNdendere (Bukavu)

Kwa Kifaransa cha herufi kubwa kuna mtego mwingine. É, È na Ê zina kichwa, na kwa nafasi ya pointi 5 kile kichwa kinagonga mstari wa juu. Ç nayo ina mkia. Kwenye hotuba ya Kifaransa panda hadi 5.5, mistari inapungua hadi 153 na mwanga unashuka kidogo. Kiswahili hakina alama hizo, kinabanika vizuri zaidi. Kuondoa alama za Kifaransa ili kubana ni uvivu, na mwalimu yeyote atakayesogea karibu ataona.

MzeeTirage (Goma)

Sasa upande wangu, maana mnaleta faili zinazonitoa jasho.

Msilete PSD yenye maandishi hai. Fonti isipokuwepo kwenye mashine ya imprimerie, inabadilishwa na nyingine, upana unahama, na uso unaondoka. Leteni PDF, au TIFF iliyounganishwa.

Kama sura ni nyeusi na nyeupe, igeuzeni «Niveaux de gris» kabla ya PDF. Faili ya RGB inachapwa kwa wino nne zilizopandana, na herufi nyeupe ya pointi 6 ina mguu mwembamba kiasi kwamba wino moja ikihama kidogo inauziba au inauvika rangi ya waridi. Kijivu kinatumia nyeusi peke yake. Wanaopenda rangi ya kahawia ya zamani wapandishe herufi hadi pointi 8.

Nyeupe ndani ya nyeusi, pointi 4 kwa A4, msinipe. Wino unatambaa, herufi zinafunga. Karatasi ya photo inashika vizuri kuliko ya kawaida. Kwa nyuma nyeusi gramu 200 kwenda juu. Achieni milimita 3 za kukata kila upande, na maandishi yafike mpaka huko.

Bâche (turubai la kuchapa) ya mita 1.06 kwa 1.5 ni A4 ileile iliyokuzwa mara 5. Mistari ileile 168, sura ileile, herufi zinakuwa pointi 30, na mtu aliye mita 3 anaweza kuzisoma. Faili ya dpi 100 inatosha, pikseli 4173 kwa 5906. Kosa ni kuacha pointi 6 kwenye bâche kwa kudhani ndogo ni nzuri zaidi. Inatoka picha ya kawaida yenye chenga, na maneno hakuna.

Katuba_kwetu (Lubumbashi)

Aksanti papa. Na tee-shirt za sérigraphie (kuchapa kitambaa kwa skrini), wino mmoja mweupe juu ya nyeusi? Ile ya masque ina kijivu ndani ya herufi, si itakataa?

FundiBirere (Goma)

Itakataa, ndiyo. Wino mmoja haujui kijivu; ama upo ama haupo. Hapo unafanya kijivu kwa unene wa herufi.

Picha ikishasawazishwa, ipige «Flou gaussien» pikseli 4 ili kuondoa chenga, kisha «Isohélie», ngazi 4. Unapata nyeusi, kijivu kizito, kijivu chepesi, nyeupe. Angalia kwanza kama sura inasomeka kwa ngazi hizo 4. Ikikataa rudi Ctrl+L, usiende mbele. Chukua fimbo ya uchawi (W), tolérance 0, ondoa alama kwenye «Pixels contigus» na kwenye «Lissage», gusa nyeupe: sehemu zote nyeupe zinachaguliwa pamoja.

Sasa tengeneza matabaka matatu ya maandishi kwa Oswald, saizi moja na nafasi moja ya mistari. Bold inapata maski ya nyeupe, Regular ya kijivu chepesi, ExtraLight ya kijivu kizito. Nyeusi haipati kitu. Rangi zote ni nyeupe kamili. Mistari inalingana kwa sababu saizi ni moja, ila herufi zitakatwa pale ngazi zinapokutana. Usilainishe mpaka huo. Mkato mkali ndio unaochora mgongo wa pua na ukingo wa mdomo.

Saizi: kitambaa hakisamehe. ExtraLight ya pointi 6 itaziba kwenye skrini au haitashika kabisa. Nenda pointi 14 kwenda juu, na kama mguu wa ExtraLight bado uko chini ya nusu milimita, tumia Light badala yake. Mistari inakuwa michache, kwa hiyo kata uso karibu zaidi, kutoka paji mpaka kidevu, masikio yaondoke. Kifua cha shati ni sentimita 28 hivi, hakuna nafasi ya mabega.

DadaNdendere (Bukavu)

Brashi ya neno nayo inafaa kwa shati. Andika neno moja jeusi kwenye faili ndogo, mfano UHURU, lifanye brashi kutoka menyu ya Édition, kisha kwenye mipangilio weka nafasi 110 kwa mia na saizi ibadilike ovyo kwa 60. Unapaka juu ya maski: neno dogo na la karibu karibu pale penye mwanga, kubwa na la mbali kwenye kivuli. Inachukua mchana mzima na inahitaji mkono, lakini haionekani ya mashine. Usiweke mzunguko ovyo zaidi ya digrii 15, maneno yakisimama wima sura inakuwa majani makavu.

Kijana_Himbi (Goma)

La mwisho kwangu. Mteja ametuma picha kwa WhatsApp, ni pikseli 1200 kwa 1600, na anataka A3. Nimwambie haiwezekani?

DadaNdendere (Bukavu)

Inawezekana. Ukali wa kazi hii unatoka kwenye kingo za herufi, na hizo unazitengeneza wewe kwa dpi 300. Picha inatoa kijivu tu, na A3 yenye pointi 8 kwa nafasi ya 6.7 ina mistari 178, mbali sana chini ya 1600. Ikuze kwa «Bicubique plus lisse», ipige ukungu wa pikseli 3 ili miraba ya JPEG isionekane ndani ya herufi kubwa, ndipo uingie Ctrl+L. Ila pima uso wenyewe. Kama ni picha ya watu 10 wa harusi na uso wa mtu wako una pikseli 120, mwambie aitafute ya asili kwenye simu iliyopiga, aitume kama document, si kama photo.